Mikono Iliyobaki: Houston hadi Omaha kwa Gari, Juni 2023

Maelezo haya nimeyaandika wiki mbili baada ya kurudi nyumbani Houston. Nimeyakusanya kutoka kwenye stakabadhi za mafuta na za ushuru wa barabara, picha za simu, na daftari la mpwa wangu, ambaye huandika kila mchezo wa besiboli anaoutazama, mrusho kwa mrusho, kwa alama ambazo ilinichukua mwaka mzima kujifunza kuzisoma. Wakati huo alikuwa mwaka wa pili wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, kilichopo Baton Rouge. Mimi ni mhasibu, mzaliwa wa Tanga, niliyekulia kandokando ya Uwanja wa Mkwakwani, na mpaka mpwa wangu alipoanza chuo sikuwa nimewahi kukaa nikatazama besiboli mpaka mwisho. Wasomaji wenzangu wanaotaka kwenda mwaka wowote mwezi Juni Omaha, Nebraska, ambako huchezwa mashindano ya mwisho ya taifa ya besiboli ya vyuo vikuu, College World Series, watapata humu bei, umbali na makosa yetu. Ila nakiri mapema kwamba nilichotaka hasa kukihifadhi ni namna timu ya LSU ilivyotumia mikono ya warushaji wake, kwa sababu sijawahi kuona akiba ikigawanywa kwa uangalifu kama ule mbele ya watu elfu ishirini na zaidi.

Mambo machache kwanza kwa wasioujua mchezo. Timu mbili hupokezana kupiga na kulinda kwa awamu tisa. Mrushaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo, na mpigaji akikosa mara tatu, kila mkoso ukiitwa straiki, huwa ametolewa. Anayefaulu kupiga hukimbia akizunguka vituo vitatu, na akirejea salama alipoanzia, pale panapoitwa nyumbani, timu yake hupata mkimbio mmoja. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa nje ni homurani, na wote waliokuwa vituoni hurejea nyumbani bila kuzuiwa. Hakuna sare: awamu tisa zikiisha timu zikiwa sawa, zinaendelea. Mkono wa mrushaji huchoka na huumia, hivyo anayerusha mara mia siku moja huhitaji siku kadhaa za kupumzika kabla hajaitwa tena.

LSU walianza msimu wa 2023 wakiwekwa namba moja na wachambuzi, na matarajio hayo yakawa mzigo. Kocha Jay Johnson alikuwa na Dylan Crews, mpigaji ambaye baadaye alipewa tuzo ya Golden Spikes, ya mchezaji bora wa ridhaa nchini, na Paul Skenes, kijana aliyehamia kutoka chuo cha Jeshi la Anga huko Colorado na ambaye mipira yake hupita maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Kufikia Juni walikuwa wameteleza kiasi cha kuorodheshwa wa tano kitaifa. Walivuka hatua ya kwanza nyumbani kwao Baton Rouge, kisha tarehe 10 na 11 Juni wakaifunga Kentucky 14-0 na 8-3. Usiku ule mpwa wangu alinipigia simu. "Shikamoo Mjomba. Omaha tunakwenda au hatuendi?" Nikamwambia aje Houston, gari nitalitengeneza.

Jumatatu, 19 Juni: Houston hadi Oklahoma City

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa sikukuu ya Juneteenth, ambayo chimbuko lake ni Galveston, saa moja tu kusini ya kwangu, ambako mwaka 1865 tangazo la kuachwa huru kwa watumwa wa Texas lilisomwa. Kwa sababu ya sikukuu barabara ya I-45 kuelekea Dallas ilikuwa tupu. Joto lakini halikuheshimu sikukuu: Texas ilikuwa katikati ya wimbi la joto, na kufikia adhuhuri kipimo cha gari kilisoma nyuzi 39. Tulibeba katoni mbili za maji, chapati kumi na sita alizozikanda mke wangu usiku, na kuku wa kukaanga. Chakula hicho kilitutosha siku moja na nusu na kilituokolea kama dola sitini.

Kutoka Houston hadi Oklahoma City ni takriban maili 450, sawa na kilomita 720. Baada ya Dallas unaingia I-35, unavuka Mto Red, na Texas inakuwa imekwisha. Sehemu iliyobaki ya mchana haina la kusimulia isipokuwa vilima vya Arbuckle, ambapo barabara inakatwa ndani ya mwamba na matabaka ya mawe yamelala mshazari kama vitabu vilivyoanguka rafuni.

Tulifika hotelini saa kumi na moja jioni, dola 84 pamoja na kodi, na saa kumi na mbili mchezo ukaanza. LSU walikuwa wamekwisha kuishinda Tennessee 6-3 siku ya Jumamosi, Skenes akirusha. Sasa walikutana na Wake Forest, timu iliyoorodheshwa ya kwanza nchini, na Ty Floyd ndiye aliyeanza kurusha. Walifungwa 3-2.

Lazima nieleze maana ya kushindwa kule. Omaha huingia timu nane, zinagawanywa katika makundi mawili ya nne nne, na timu ikishindwa mara mbili inarudi kwao. Wababe wa makundi hayo mawili ndio hukutana fainali, ambayo ni ya michezo mitatu, anayeshinda miwili ndiye bingwa. Kwa kufungwa Jumatatu, LSU sasa walitakiwa washinde Jumanne, washinde Jumatano, na washinde tena Alhamisi, bila siku ya kupumzika, na miwili ya mwisho ingekuwa dhidi ya Wake Forest hao hao. Skenes alikuwa ametumika Jumamosi na Floyd ametumika usiku ule.

Mpwa wangu alikaa na daftari lake kitandani akaorodhesha warushaji wote na idadi ya siku ambazo kila mmoja alikuwa hajarusha. Nikamuuliza, tukiendelea kesho tukafika Kansas na timu imetolewa, tufanyeje? Akajibu, "Tutageuza, Mjomba. Lakini tukiwa tumekaa hapa wakashinda, tutakuwa tumechelewa." Nilikubaliana naye.

Jumanne, 20 Juni: Oklahoma City hadi Kansas City

Ukiingia Kansas kwa I-35 unakuwa kwenye barabara ya kulipia mpaka mji wa Emporia. Wakati huo ulichukua tikiti pa kuingilia na kulipa pa kutokea, nasi tulilipa kwa noti bila usumbufu. Baada ya Wichita nchi inabadilika. Vilima vya Flint Hills ni nyasi tupu mpaka upeo wa macho, bila mti, bila nyumba, ng'ombe wakionekana mbali kama mbegu zilizomwagwa. Ardhi yake ina mawe mengi chini ya udongo kiasi kwamba jembe lilishindwa, na ndiyo sababu nyasi zile za asili zimebaki wakati mahali pengine zimelimwa zikaisha. Nilitaka sana kusimama nitazame, na nikasimama kweli, ila kwa sababu tairi ya nyuma kulia ilipasuka.

Tairi ya akiba ilikuwepo na jeki ilikuwepo. Kilichotushinda ni nati. Fundi aliyenibadilishia matairi wiki iliyotangulia alizikaza kwa mashine mpaka spana yetu fupi ikawa inateleza tu. Tulijaribu kwa zamu, mpwa wangu akasimama juu ya spana kwa miguu miwili, haikusogea. Jua lilikuwa la utosi na malori yalikuwa yanapita kwa kishindo cha kutikisa gari. Kampuni ya bima ilisema mtu wa kutusaidia angefika baada ya saa mbili na nusu.

Dakika arobaini hivi zilipopita, gari la mizigo la zamani likasimama nyuma yetu. Akashuka mzee mrefu, mikono ina makovu ya senyenge, hakuuliza sisi ni nani wala tunakwenda wapi. Alitazama gurudumu, akarudi kwenye gari lake, akaleta spana ya msalaba na bomba la chuma lenye urefu wa mita moja na nusu. Alichomeka bomba kwenye mkono wa spana, akalisukuma kwa uzito wa mwili wake, na nati ya kwanza ikalia na kuachia. Kazi yote haikuzidi dakika ishirini. Nilipotoa noti ya dola hamsini aliikataa kwa kutikisa kichwa, akanipa lile bomba. Akasema ana mengine shambani na kwamba barabara ya kwenda Omaha ni ndefu, kwani alikuwa ameona kofia ya mpwa wangu. Aliondoka kabla hatujamuuliza jina.

Kwa wasafiri: kabla hujaondoka, legeza na kukaza mwenyewe nati zote kwa spana iliyomo garini mwako, si ya fundi. Ukishindwa nyumbani, barabarani hutaweza.

Tulinunua tairi mpya Emporia kwa dola 138 pamoja na kufungwa, tukapoteza saa tatu kwa jumla, na tulipoingia Kansas City giza lilikuwa linaanza. Tulipokelewa na familia ya Wakongo kutoka Bukavu ambayo mke wangu aliifahamu kupitia kanisa la rafiki yake. Mama mwenye nyumba alitukuta mlangoni tukiwa na grisi mpaka viwikoni. "Mulitoka mbali sana. Muingie, munawe, mukule kwanza." Kulikuwa na bugali, sombe, yaani kisamvu, lililopikwa kwa mawese, na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waliotumwa wakiwa wakavu. Baba wa nyumba hakuwa amewahi kutazama besiboli ingawa ameishi Marekani miaka kumi na moja, lakini alipoona tunahangaika na simu aliiunganisha kwenye televisheni na akakaa nasi mpaka mwisho.

Usiku ule Johnson alimwanzisha Nate Ackenhausen, mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye msimu mzima alikuwa akiingia tu katikati ya michezo kusaidia, hajawahi kuanza hata mmoja tangu ajiunge na LSU. Alirusha awamu sita na Tennessee hawakupata kitu. Riley Cooper akamalizia tatu. LSU 5, Tennessee 0. Mpwa wangu aliweka duara jekundu kwenye majina mawili, akaniambia kwamba jambo kubwa si ushindi bali ni kwamba umepatikana kwa watu wawili tu, na wengine wote wamelala.

Jumatano, 21 Juni: Kansas City hadi Omaha

Maili 185 kwa I-29, tambarare ya Mto Missouri, mahindi na soya kwa saa tatu. Mama wa Bukavu alitufungia mikate na mayai ya kuchemsha, akakataa katakata tuache chochote mezani.

Hoteli za katikati ya Omaha wakati wa mashindano hazishikiki. Tulipanga upande wa pili wa mto, Council Bluffs, ambao ni jimbo la Iowa, kwa dola 142 kwa usiku. Ushauri wangu kwa kila mtu ni huo: acha gari upande wa Iowa, kisha vuka kwa miguu Daraja la Bob Kerrey. Ni daraja la waenda kwa miguu na baiskeli, limepindapinda juu ya Missouri, mpaka wa majimbo mawili umechorwa katikati yake, na likikufikisha upande wa Nebraska unakuwa umebakiza mwendo mfupi tu hadi uwanjani. Maegesho karibu na uwanja tuliyoyaona yalitaka dola arobaini hadi sitini kwa siku. Jambo la pili: mabegi yanayoruhusiwa kuingia ni yale ya plastiki angavu, na tuliona watu wengi wakirudishwa kutafuta pa kuacha vitu vyao.

Uwanja wa Charles Schwab Field unachukua watu 24,000 hivi. Ulifunguliwa mwaka 2011, lakini mashindano yenyewe yamekuwa Omaha tangu 1950. Yalikuwa yakichezwa Uwanja wa Rosenblatt, ambao umebomolewa, na mahali pake ni sehemu ya maegesho ya bustani ya wanyama ya Henry Doorly. Tulikwenda kupaona siku ya Ijumaa. Wamehifadhi sehemu ndogo ya uwanja wa ndani, na wazee walikuwa wakisimama pale nyumbani na kuwaonyesha wajukuu wao ukuta ulipokuwa.

Tikiti za jumla, za kukaa nyuma kabisa bila namba ya kiti, tulizipata kwa dola 38 kila moja. Tulikaa na mamia ya watu wa Louisiana waliovaa zambarau na dhahabu. LSU waliishinda Wake Forest 5-2, na safari hii aliyebeba mzigo ni Griffin Herring, kijana wa mwaka wa kwanza, aliyeingia mapema na kurusha karibu awamu tano bila kufungwa. Siku tatu zilikuwa zimepita, mrushaji mpya kila siku, na Skenes alikuwa bado ameketi akipumzika. Ndipo nilipoelewa yaliyokuwa daftarini. Johnson alikuwa amelipa madeni ya Jumanne na Jumatano kwa sarafu ndogondogo ili noti kubwa ibaki nzima kwa Alhamisi.

Alhamisi, 22 Juni

Mchana tuliutumia kwenye viwanja vya maegesho, ambako watu wa Louisiana hupika. Mama mmoja wa makamo kutoka Lafayette, aliyekuja na sufuria ambayo ingetosha msiba, alituona tunatazama akatuita. Alikuwa anapika gumbo, mchuzi mzito wa kuku, kamba na bamia. Nilimwambia kwamba bamia kwetu pwani ni mboga ya kila siku. Akasema bibi yake alikuwa akimweleza kwamba jina la mchuzi ule lilitoka Afrika. Ni kweli: wanaisimu wengi wanalirudisha neno gumbo kwenye lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia huitwa kingombo au jina linalokaribia hilo, na lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa. Nilikula bakuli mbili. Aliponiuliza kama nataka ya tatu nilishindwa kujibu mara moja, kwa sababu ladha ya bamia zile ilikuwa imenirudisha jikoni kwa marehemu mama yangu, kule Ngamiani, Tanga.

Mchezo ulianza saa kumi na mbili jioni. Tikiti zilikuwa zimepanda mpaka dola 55.

Skenes alirusha upande mmoja na Rhett Lowder wa Wake Forest upande wa pili. Mtu asiyeujua mchezo angesema hakuna kilichotokea kwa saa mbili. Awamu ziliingia na kutoka, wapigaji walikuja na kurudi wakiburuza magongo, na ubao uliendelea kuonyesha sufuri na sufuri. Lakini uwanja ulikuwa umenyamaza kama msikiti kabla ya hotuba, na kila mpira ulipotua kwenye glavu ya mdakaji tuliusikia mpaka juu kule nyuma. Skenes alirusha awamu nane, akapigwa mara mbili tu, akawatoa watu tisa kwa straiki. Lowder alirusha saba bila kufungwa.

Katika awamu ya nane Wake Forest walikuwa na mkimbiaji kituo cha tatu, hatua chache tu kutoka nyumbani. Mpigaji wao hakupiga. Aliuweka gongo mbele akaugusa mpira ubingirike polepole majanini, ili mkimbiaji apate muda wa kuingia. Ni mbinu ya siku zote na hufaulu mara nyingi. Tre' Morgan, mlinzi wa kituo cha kwanza, alikuwa amekwisha kuanza kukimbia mbele kabla mpira haujagusa ardhi. Aliuokota akiwa kasi, hakusimama, akauachia kwa mwendo ule ule kumwelekea mdakaji Alex Milazzo, ambaye alimgusa mkimbiaji akiwa anateleza kuingia. Mwamuzi akanyoosha ngumi: ametolewa. Mpwa wangu aliweka kalamu chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiacha kuandika.

Nimesoma baadaye maelezo mengi ya msimu huu, na karibu yote yanaanza na homurani za fainali. Mimi naamini ubingwa ulikuwa mikononi mwa Morgan kwa ile nusu sekunde. Kama mkimbio ule ungeingia, Skenes angekuwa ametumika bure na mahesabu yote ya siku nne yangekuwa ya hasara.

Skenes alitoka akiwa amerusha mara 120. Akaingia Thatcher Hurd akarusha awamu tatu bila kufungwa. Awamu ya kumi na moja Crews alipiga akafika kituo cha kwanza, kisha akaja Tommy White. Mrusho wa kwanza kabisa aliorushiwa aliupiga. Nilijua kwa sauti. Mpira ulipaa kushoto ukavuka ukuta, 2-0, mchezo ukaisha palepale kwa sababu LSU ndio waliokuwa wakipiga mwisho. Mtu nisiyemjua alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda. Tulivuka daraja kurudi Iowa karibu saa nne usiku pamoja na watu wengi sana, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Ijumaa, 23 Juni

Mapumziko. Tulifua nguo, tukaenda bustani ya wanyama niliyoitaja, tukala runza, mkate wa Nebraska uliojazwa nyama ya kusaga, kabichi na vitunguu, unaoshibisha kwa bei ndogo. Jioni tulipita mtaa ulio mbele ya uwanja, ambako baa moja huweka ubao wa kuhesabu vikombe vidogo vya jeli yenye kileo vinavyonunuliwa na mashabiki wa kila timu. Mimi situmii kileo, lakini hesabu ni hesabu: rekodi ya mwaka uliotangulia ilikuwa 18,777, na mwaka ule wa 2023 watu wa LSU walifikisha 68,888. Sehemu ya fedha hizo hupelekwa kwenye benki za chakula, jambo lililonifurahisha.

Jumamosi, 24 Juni

Fainali, dhidi ya Florida. Tikiti dola 105. Floyd, yule aliyeanza siku ya kipigo cha Jumatatu, alirusha awamu nane na kuwatoa watu 17 kwa straiki. Timu zililingana 3-3 mpaka awamu ya kumi na moja, na Cade Beloso akapiga homurani. LSU 4, Florida 3. Beloso alikuwa ameukosa msimu mzima wa 2022 kwa jeraha la goti na angeweza kuondoka. Karibu yetu alikaa mzee aliyesema alimwona akianza chuoni, naye alilia bila kujificha.

Jumapili, 25 Juni

Saa nane mchana, jua kali, Florida 24, LSU 4. Hakuna timu iliyowahi kupata mikimbio mingi kiasi kile katika mchezo mmoja wa mashindano haya. Awamu ya tatu Ty Evans alipiga homurani wakati vituo vyote vitatu vimejaa, na mpwa wangu akafunga daftari. Nilimwomba aendelee kuandika. Alinijibu kwa adabu kwamba hawezi.

Tulipotoka nilikuwa na huzuni ya mtu aliyelelewa kwenye kandanda, ambako katika mechi za nyumbani na ugenini magoli hujumlishwa. Nilikuwa najumlisha: 27 kwa 8. Mpwa wangu alinieleza njiani juu ya daraja kwamba hapa hakuna kujumlisha, kwamba 24-4 inahesabika sawasawa na 4-3, na kwamba mchezo ulipoharibika Johnson hakuendelea kuwachosha wale anaowategemea. Hurd hakuwa amerusha. Cooper hakuwa amerusha. Wote walikuwa wamebaki kwa ajili ya kesho.

Jumatatu, 26 Juni

Tikiti zilifika dola 150 na tulizinunua. Wyatt Langford wa Florida alipiga homurani katika awamu ya kwanza, 2-0, na watu wa Gainesville, mji wa chuo cha Florida, walishangilia kwa haki. Kisha awamu ya pili LSU wakapata mikimbio sita, na baada ya hapo haukuwa tena mchezo wa kushindana. Hurd, akiwa amepumzika tangu Alhamisi, alirusha awamu sita, na baada ya ile homurani Florida karibu hawakuweza kumgusa. Wengi kando yetu walikuwa wakichungulia pembeni kama Skenes atapasha mwili, kwa kuwa ilikuwa siku ya nne tangu arushe. Hakuhitajika. Ilimalizika 18-4, LSU wakiwa na mapigo 24. Ulikuwa ubingwa wao wa saba, wa kwanza tangu 2009, na msimu uliisha kwa ushindi mara 54 na kushindwa 17. Skenes alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano, akiwa amewatoa watu 209 kwa straiki katika msimu na kuivunja rekodi ya kanda yao ya SEC iliyokuwa imewekwa na Ben McDonald wa chuo hicho hicho mwaka 1989. Tarehe 9 Julai, nikiwa nimekwisha kuanza kuandika haya, Skenes alichukuliwa wa kwanza na Pittsburgh na Crews wa pili na Washington katika uteuzi wa wachezaji wa kulipwa. Haijawahi kutokea wawili wa timu moja wakafuatana hivyo kileleni.

Jumanne na Jumatano, 27 na 28 Juni: kurudi

Gharama zote za watu wawili kwa siku kumi, mafuta, hoteli, tikiti, chakula na ile tairi, zilifika dola 2,480, na tikiti peke yake zilikuwa karibu dola 870. Anayetaka kupunguza aende siku za mwanzo, ambazo tikiti zake ni nafuu na michezo ni miwili kwa siku.

Tulipita Kansas City kuwasalimu wenyeji wetu na kuwaachia kofia mbili za zambarau. Baba wa nyumba alikuwa ametazama fainali zote tatu. Bomba la chuma lilikuwa kwenye buti, limefungwa kwa taulo.

Kusini ya Emporia kuna kituo cha mapumziko katikati ya barabara ya kulipia, Matfield Green, si mbali na tulipopasukia tairi. Tulisimama kujaza mafuta. Mpwa wangu hakushuka. Alilitoa daftari, akafungua ukurasa wa Jumapili ulioishia awamu ya tatu, akaniomba, "Mjomba, nisomee." Nilitafuta kumbukumbu ya mchezo kwenye simu nikaanza kusoma, mpigaji mmoja mmoja, yeye akiandika kwa mwandiko ule ule mdogo, upepo ukipita kwenye nyasi na kutikisa kurasa. Ilichukua karibu saa nzima. Tulipofika mkimbio wa ishirini na nne aliniuliza kama nina uhakika, nikaurudia, akaujaza.